Kikikosekana Kitu Jikoni

Ndugu msomaji, na hasa wewe mama mwenzangu mwenye jiko, nadhani umepata kuletewa karatasi ya mapishi na rafiki akaaye mjini. Umeisoma ukakuta imeandikwa: unga wa ngano vikombe vitatu, mayai manne, siagi robo kilo, maziwa, sukari, bekingi pauda. Ukatazama kabati lako. Unga wa ngano uko, lakini haufiki vikombe viwili. Mayai kuku anayaatamia. Siagi hujaiona tangu Krismasi. Hapo mama mmoja huikunja karatasi na kuichomeka nyuma ya picha ukutani, na habari imekwisha. Mama mwingine, mwenye moyo wa ujasiri kupita akili, hutia badala ya kila kitu chochote kilicho karibu na mkono wake, kisha huwalaumu watoto kwamba hawapendi chakula chake. Mimi leo nataka kusema na hao wote wawili.

Sisemi kwamba sisi wa Nzega twakaa porini pasipo maduka. Mji wetu umekaa penye njia panda: barabara za Tabora, Shinyanga na Singida zakutana kwetu, na malori yapita usiku na mchana. Lakini kitu kuwako dukani si kuwako mfukoni. Utakumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuia ngano na mafuta ya alizeti kutoka nchi ile, jinsi bei ilivyopanda hata huku kwetu, watu ambao hatujui Ukraine iko upande gani. Chupa ya mafuta ya kupikia ikawa ya kupimiwa watoto kama dawa. Mwaka ule ndipo wanawake wengi wa mtaani kwetu walipoanza kuniuliza, hiki chaweza kuwekwa mahali pa kile? Na jibu langu lilikuwa moja siku zote: kwanza niambie kile kilikuwa na kazi gani.

Maana kila kiingiacho chunguni kina kazi yake. Kingine chatia utamu, kingine chashikamanisha, kingine chainua unga, kingine chalainisha, na vingine vyafanya kazi mbili au tatu pamoja. Ukiijua kazi, utampata mfanyakazi mwingine. Usipoijua, utaajiri fundi saa kuja kujenga nyumba.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kitabu. Chukua habari ya nazi. Katika karne ya 19, njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo na kupita Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora leo, ikaendelea hata Ujiji. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga nyumba huko na kukaa miaka mingi. Wazungu Burton na Speke, waliotoka pwani mwisho wa Juni 1857, hawakufika Kazeh, ndiyo Tabora hiyo hiyo, mpaka tarehe 7 Novemba. Sasa fikiri mwenyewe: mpishi wa pwani, aliyezoea tui tangu kuzaliwa, ataipata wapi nazi mahali palipo kama kilomita 800 kutoka baharini, na kila mzigo wabebwa kichwani na Mnyamwezi? Mpagazi alibeba nguo, shanga na waya za shaba kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Hakuna tajiri aliyekuwa mjinga hata akodi kichwa cha mtu kubeba nazi miezi mitatu. Na mnazi haukubali kuzaa vizuri katika nchi yetu, yenye kiangazi kirefu na baridi ya usiku mwezi wa Juni na Julai.

Lakini karanga ziko. Basi mbona mchuzi usipikwe? Tui lina kazi ya kutia mafuta, kutia uzito na kutia utamu kidogo, na karanga yafanya zote tatu. Hata leo ukija nyumbani kwangu utakuta nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa juani, yamepikwa kwa karanga zilizotwangwa, na mgeni kutoka Tanga akala akaomba tena. Mimi huchukua kikombe kimoja cha karanga, huzikaanga kidogo tu ngozi ibanduke, huzitwanga ziwe laini, huzikoroga na vikombe viwili na nusu vya maji ya vuguvugu, kisha humimina chunguni mboga ikiwa karibu kuiva. Tofauti ni hii: tui la nazi hukatika likichemka bila kukorogwa, bali karanga hazikatiki, hushuka chini na kuungua. Basi moto uwe mdogo na mwiko usilale.

Hapa nataka kutia neno kidogo kwa wale wanaotuambia tusiache chakula cha asili yetu. Neno lao ni jema, lakini asili ni ipi? Karanga yenyewe ni mgeni. Ilitoka Amerika ya Kusini, na toka bara lile la Amerika yalikuja pia mahindi, mihogo na viazi vitamu. Wenyeji wa Afrika ni mtama, uwele, kunde na njugu mawe. Bibi yangu, mama yake baba, alikufa hajakubali kwamba ugali wa mahindi ni ugali. Kwake yeye ugali ulikuwa wa mtama au uwele, na mahindi ni kitu cha kuchoma watoto wakilia njaa shambani. Sisi wajukuu tukala ugali mweupe na kuuita chakula cha mababu! Halafu mwaka 1974, mvua zilipokuwa zimekosekana, serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakaona tena ni ajabu. Ugali ule waliuita Yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi za klabu ile ya mpira. Wapenzi wa Simba waliula pia, maana njaa haina klabu.

Nilijifunza mapishi ya badala katika miaka iliyofuata vita vya Kagera, yaani kutoka 1979 hata karibu 1984. Ninyi vijana mmesikia tu. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, unga wa ngano ukipatikana ni wa kujuana. Mama yangu hakuwa na mtu wa kujuana naye. Alikuwa na michembe na matobolwa ghalani, muhogo shambani, na kaka yake aliyekuwa mrina asali katika misitu ya magharibi. Kwa wasomaji wasiokaa huku: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza kisha vikakaushwa. Mama alilowesha matobolwa usiku kucha, asubuhi akayaponda, akayakanda na unga wa muhogo na asali kidogo, akakata vidonge na kuvikaanga katika samli. Hakuviita maandazi. Alituambia, “Haya si maandazi, msije mkayadai yavimbe.” Ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopata jikoni. Alijua muhogo hauwezi kuvimba kama ngano, wala hakuulazimisha.

Nieleze sababu yake, maana kwa ngano ndipo wengi wanapoharibikiwa. Ndani ya unga wa ngano mna kitu cha mnato. Ukiukanda na maji, mnato ule hujivuta na kuwa kama utando mwembamba unaofunga hewa. Hamira ikitoa hewa yake, utando huzuia isitoroke, na mkate huinuka. Muhogo, mtama, mahindi na mchele havina mnato huo. Hata utie hamira gunia zima, hewa yote itatoka kama maji katika kikapu. Kwa hiyo ukipungukiwa na ngano unapotaka kufanya mkate au maandazi, waweza kutia unga mwingine kiasi cha robo: vikombe vitatu vya ngano na kimoja cha mtama au muhogo. Ukizidisha hapo, utapata kitu cha kumrushia mbwa mwizi. Chapati ni vivyo hivyo, kwa sababu zataka kuvutika. Keki ina msamaha zaidi. Yaweza kuchukua hata nusu, maana mayai nayo yasaidia kushika.

Lakini shauri langu hasa ni jingine. Kama ngano huna, kwa nini kung'ang'ania mapishi ya ngano? Yako mapishi ambayo hayakuiomba ngano tangu mwanzo. Vitumbua ni vya mchele. Mkate wa kumimina ni wa mchele. Na mchele tunao, umejaa majarubani kwetu kila mwaka mvua ikinyesha vizuri. Watu wa pwani waliokuja na mapishi hayo walichachusha unga wake kwa tembo la mnazi. Huku kwetu, wakati hamira haipatikani, watu walitumia povu la pombe ya mtama, au donge la unga wa jana lililoachwa lichache. Kazi ni ile ile: ni chachu, vijidudu vidogo vinavyokula utamu na kutoa hewa. Hamira ya dukani ni chachu hiyo hiyo iliyokaushwa na kutiwa katika pakiti. Ila ya pombe haina haraka. Uiache unga usiku kucha, mahali pa joto, na usiufunue kila mara kama unayemchungulia mgonjwa.

Bekingi pauda ni jambo jingine, si chachu. Ni magadi laini yaliyochanganywa na kitu kikali cha unga. Vikipata maji na moto vyapigana na kutoa hewa. Ukijua hivyo, hutashindwa. Palipoandikwa kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda, tia robo kijiko cha bekingi soda na nusu kikombe cha mtindi, na upunguze nusu kikombe katika maziwa au maji ya mapishi yale. Uchachu wa mtindi ndio utakaopigana na soda. Ukwaju au maji ya ndimu nayo yafaa kazi hiyo. Choma mara moja, usikae kuongea na mgeni, maana hewa ikitoka haikungoji.

Je, magadi yale ya mawe yauzwayo sokoni? Kwa keki siyapendi. Ni makali, yaacha uchungu na rangi ya manjano. Najua twayatia katika makande na maharage ili kuni zisiishe, na katika mlenda. Tia chembe ndogo tu. Magadi mengi huua vitamini za mboga, na yale ya maziwa ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, kitu ambacho kikizidi mwilini mwa mtoto meno yake huota na madoa ya kahawia. Kulowesha maharage usiku kucha kwafanya kazi ile ile ya kulainisha, tena bure.

Siagi naipita upesi. Ndani yake mna maji kidogo, mafuta hayana. Basi palipo kikombe cha siagi tia robo tatu ya kikombe cha mafuta ya alizeti, au samli iliyopungua kidogo. Yai moja la keki laweza kushikiwa nafasi na ndizi mbivu iliyopondwa, kadiri ya robo kikombe. Keki itakuwa nzito kidogo na itanukia ndizi, basi usimwambie mtu ni ya vanila. Mayai yakiwa manne usijaribu kuyatoa yote. Mahali pa mawili sawa, mahali pa manne keki hukaa chini kama mtu aliyechoka.

Sasa tufike kwenye asali, ambayo kwa sisi watu wa mkoa wa Tabora ni kama nazi kwa mtu wa Pemba. Mizinga ya magome imetundikwa mitini katika miombo tangu zamani za mababu, na nta na asali ni mali iliyotujengea nyumba. Kupika kwa asali badala ya sukari si vigumu. Palipo kikombe kimoja cha sukari tia robo tatu ya kikombe cha asali, kwa sababu asali ni tamu zaidi. Na kwa kuwa ina maji yake, punguza robo kikombe katika maziwa. Punguza na moto, maana keki ya asali hupata rangi mapema na kukudanganya kwamba imeiva. Ipo sharti moja lisilovunjwa: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali hata kwa ncha ya kidole. Yaweza kuwamo mbegu ya sumu ambayo tumbo la mtu mzima huishinda, bali la mtoto mchanga haliwezi, na humlegeza viungo hata pumzi. Najua bibi zetu huwapaka ulimini. Bibi aheshimiwe, na kidole chake kishikwe.

Kwa uji wa mtoto aliyefikia umri wa kula, usihangaike na utamu, hangaika na uzito. Uji mwepesi wajaza tumbo maji, uji mzito mtoto hawezi kuumeza. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, walituonyesha kwamba dawa tulikuwa nayo ndani: kimea, kile kile cha pombe na togwa. Pika uji mzito kama ugali mlaini, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, ukoroge. Baada ya dakika chache utaona uzito umelegea na kuwa uji wa kunyweka, na chakula chote kimo ndani yake. Urudishe motoni uchemke tena. Mtama uliooteshwa lazima usuguliwe mizizi na vichipukizi vyake vitoke kabla ya kusagwa, maana vile vina sumu. Wazee walifanya hivyo siku zote, tukafikiri ni usafi tu.

Nimetaja sumu mara mbili, na sasa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Mapishi ya badala yana mipaka, na mpaka mmoja una makaburi. Nafaka ikiisha ghalani, muhogo ndio mkombozi wetu. Lakini muhogo mchungu una sumu, na kazi ya kuulowesha siku tatu hata ulainike, kisha kuuanika ukauke kabisa, ndiyo inayoitoa. Njaa haipendi kungoja siku tatu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime mkoani Mara, watu walikula unga wa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa kwa muda wa kutosha. Wengi wao wakiwa watoto na akina mama, waliamka miguu imekakamaa, hawawezi kutembea sawasawa. Ugonjwa huo wataalamu huuita konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Hauna tiba ya kuurudisha mguu. Kwa hiyo mama, ukibadili mtama kwa muhogo, chukua na kazi yake yote, usichukue unga tu. Kumenya na kuanika bila kulowesha hakutoshi.

Mpaka wa pili ni ukungu. Tusiseme kwamba karanga zilizoota ukungu zafaa kwa mchuzi kwa kuwa zitapikwa. Sumu ya ukungu, ambayo siku hizi twaiita sumukuvu, haifi kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa huko Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga zenye ukungu, zilizonyauka, au zenye uchungu mdomoni, zitupe. Wala usiwape kuku.

Na chumvi. Zamani misafara ilibeba chumvi ya Uvinza mpaka mbali, na waliokosa walichota udongo wa chumvi mbugani. Leo sheria yetu yataka chumvi itiwe madini joto ili tusiote rovu wala watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa. Udongo wa mbugani hauna hayo. Hapa basi hakuna badala.

Nikirudi kwenye asali, nina habari ya nyumbani kwangu. Yapata miaka sita sasa baba watoto alianza kunywa maji kama ng'ombe atokaye machungani, akakonda, na usiku akawa hatulii. Tulipokwenda kupimwa tukaambiwa ni kisukari. Habari ilifika mtaani kabla yetu. Jioni ile ile jirani yangu, mama mwema sana, akaja na chupa ya asali mbichi ya msituni. Akasema, “Mama, mwondolee mzee sukari ya dukani, ndiyo yenye sumu. Mpe hii, ni dawa.” Wageni wengine waliokuwapo wakaitikia. Hata shemeji yangu, mtu aliyesoma, akasema asali haina madhara kwa kuwa ni ya asili.

Mimi niliipokea chupa kwa mikono miwili na kushukuru, lakini sikuifungua. Niliuliza lile swali langu la jikoni: sukari ilikuwa na kazi gani katika chai ya mzee? Kazi yake ni utamu. Na utamu wa asali watoka wapi? Nesi wa zahanati alinijibu bila kuzungusha maneno. “Mama, asali nayo ni sukari, iliyotengenezwa na nyuki badala ya kiwanda. Ikifika katika damu haiulizwi ilikotoka.” Akanionyesha tena kwamba kijiko kimoja cha asali ni kizito kuliko cha sukari, hata sukari iliyomo ndani yake ni nyingi zaidi. Akaniambia pia nisihangaike na chai peke yake huku mlima wa ugali uko mezani, maana ugali, wali na viazi huishia kuwa sukari mwilini vile vile.

Hapo basi nilikutana na badala iliyo ngumu kuliko zote. Kumnyima mume utamu wa chai si kazi ya vijiko na vikombe. Wiki ya kwanza aliniita mchawi. Wiki ya pili alikwenda kunywa chai kwa jirani. Nilimpikia chai kwa tangawizi na iliki nyingi ili ulimi upate kitu cha kufanya. Nilipunguza ugali na kuongeza mboga na kunde katika sahani yake, na nikamrudishia ugali wa mtama aliokuwa akiusimulia kutoka utotoni, lakini nao nikaupima, maana mtama hauponyi kisukari vile vile. Sukari tuliipunguza kijiko kwa kijiko kwa muda wa miezi miwili, mpaka siku moja alipokwenda msibani akapewa chai ya watu wote, akaonja, akaniangalia na kusema, “Hawa watu wanakunywaje uji wa miwa?” Nilitazama chini nisicheke msibani.

Chupa ya jirani ilikaa mwaka mzima bila kufunguliwa. Ikafunguliwa usiku mmoja wa masika. Mzee alikuwa ametoka shambani kachoka, akameza vidonge vyake akalala bila kula, akidhani atakula baadaye. Saa sita niliamka nikamkuta ametota jasho, anatetemeka, maneno yake hayana mpango. Nesi alikuwa ametufundisha tangu mwanzo: dawa ya kisukari ikikuta tumbo tupu, sukari ya damu hushuka mno, na hapo mgonjwa akiwa bado aweza kumeza apewe kitu kitamu upesi, akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Nilimwita kwa jina lake, si kwa jina la mtoto, akaitika. Nikamwinua, nikamlambisha kijiko kimoja kikubwa cha asali, na maji kidogo juu yake. Nilikaa nimeshika mkono wake nikihesabu dakika katika saa ya ukutani. Zilipopita kama kumi na tano, akaniuliza kwa nini nimewasha taa. Nikampashia uji, akaunywa wote, na asubuhi tukaenda zahanati wakampunguzia kipimo cha vidonge.

Jirani alipopata habari alifurahi sana. Huwaambia watu wote kwamba asali yake ndiyo iliyomponya mzee kisukari, nami nimejaribu kumweleza mara nyingi, hata nimechoka. Chupa siku hizi haikai jikoni. Iko juu ya rafu karibu na kitanda, na kijiko kimefungwa shingoni mwake kwa uzi, nipate kukiona gizani.